Uhandisi wa Mazingira kama Fani ya Pili: Hoja kutoka Nakivale na Mbarara

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro kusini-magharibi mwa Uganda, ni miongoni mwa makazi ya zamani zaidi barani Afrika. Yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda, na leo yana zaidi ya watu 150,000 kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia, Ethiopia na kwingineko. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi hulenga kila mtu apate lita 20 za maji kwa siku. Kwa idadi hiyo ya watu, ni lita milioni 3 kila siku, na chanzo kikubwa ni Ziwa Nakivale, lenye kina kifupi.

Ni nani anayehakikisha kwamba maji hayo yanafika yakiwa salama? Mhandisi yupo, lakini ni mmoja kati ya wengi. Yupo muuguzi anayewapokea watoto wanaoharisha, mwalimu anayesimamia vyoo vya shule, mhasibu wa kamati ya maji, ofisa wa kata anayeruhusu watu kulima kandokando ya ziwa, na mfanyabiashara wa mji jirani wa Endiinzi anayenunua mkaa na kuuza sabuni. Wengi wao, kama wamefika chuo kikuu, wamesoma uuguzi, ualimu, biashara au ustawi wa jamii. Maamuzi yao ya kila siku ni ya kihandisi, lakini masomo yao hayakuwagusia uhandisi hata kidogo.

Makala hii inadai kwamba vyuo vikuu vya Mbarara vifundishe uhandisi wa mazingira na maendeleo endelevu kama fani ya pili katika shahada ya kwanza. Maana yake ni kozi tano au sita zinazosomwa sambamba na fani kuu, zilizo wazi kwa mwanafunzi wa kitivo chochote. Tena kozi hizo ziwe za kupima na kukokotoa. Mihadhara ya kuwahimiza watu wapende mazingira haitoshi.

Tope la kilimani na gharama ya klorini

Hoja inaonekana vizuri zaidi mtu akiyafuata maji tangu yanakotoka. Mto Rwizi huanzia katika vilima vya Buhweju, hupita katikati ya jiji la Mbarara, kisha huingia katika mtandao wa maziwa na ardhioevu ya Mburo na Nakivale, eneo lililoandikishwa mwaka 2006 chini ya Mkataba wa Ramsar. Njiani kingo zake zimelimwa, zimechimbwa mchanga na udongo wa matofali, na mabwawa ya mafunjo yaliyokuwa yakichuja maji yamekaushwa kuwa malisho na mashamba. Mvua ikinyesha, udongo wa juu husombwa hadi ziwani.

Tope hilo lina bei. Klorini huua vijidudu vizuri pale tu maji yanapokuwa maangavu, kwa sababu chembe za udongo huvificha vijidudu na vitu vilivyooza huimeza klorini kabla haijafanya kazi. Ndiyo maana mtambo hutumia kwanza shabu, inayozishikamanisha chembe ndogo hadi zikawa nzito na kuzama. Chukua mfano wa mtambo unaosafisha lita milioni 3 kwa siku kwa kipimo cha miligramu 2 za klorini kwa lita. Huo unahitaji kilo 6 za klorini halisi kila siku. Kwa kuwa poda ya kawaida ina nguvu ya asilimia 65 hivi, ni kilo 9 na kidogo za poda, zaidi ya kilo 270 kwa mwezi. Maji yakichafuka hadi kipimo kikalazimika kuwa maradufu, mahitaji yanavuka kilo 550. Shabu nayo huongezeka, na mabwawa ya kutuamia hujaa tope upesi zaidi.

Hesabu hiyo si ngumu. Mwanafunzi aliyefaulu hisabati ya sekondari anaiweza. Lakini ikifanywa na mwanafunzi wa uchumi wa kilimo, inambadilishia picha nzima. Matuta ya kukinga maji kwenye shamba la ndizi la mlimani, ambayo alikuwa akiyahesabu kama gharama ya mkulima peke yake, sasa anayaona pia kama akiba ya mtambo wa maji. Kanuni za mwaka 2000 za kulinda ardhioevu, kingo za mito na fukwe za maziwa, ambazo kwa wengi ni karatasi ya serikali tu, anaziona kuwa na faida inayoweza kuandikwa kwa shilingi.

Muuguzi naye ananufaika kwa namna yake. Shirika la Afya Duniani linashauri maji yafike kwa mtumiaji yakiwa na mabaki ya klorini yasiyopungua miligramu 0.2 kwa lita. Muuguzi asiyejua kipimo hicho atamtibu mtoto kwa maji ya chumvichumvi na zinki, naye atakuwa ametimiza wajibu wake. Anayekijua atapima bombani, kisha atapima ndani ya jerikeni nyumbani kwa mgonjwa. Bombani klorini ikiwapo na kwenye jerikeni ikikosekana, kosa liko katika kubeba na kuhifadhi maji. Ikikosekana hata bombani, kosa liko mtamboni au kwenye mabomba. Hali hizo mbili zinahitaji watu tofauti na fedha tofauti, na kuzichanganya ni kupoteza vyote viwili.

Choo kama swali la hesabu

Mwongozo wa Sphere, unaofuatwa na mashirika mengi ya misaada, unataka choo kimoja kisitumiwe na watu zaidi ya 20, na shimo lake likae mita 30 au zaidi kutoka chanzo cha maji ya ardhini. Kwa watu 150,000, ni vyoo 7,500. Wanaotoa fedha huhesabu vyoo vilivyojengwa, lakini ni wachache wanaohesabu vitakavyojaa.

Makadirio yanayotumika sana ni kwamba mtu mmoja hujaza shimo kwa lita 50 hivi kwa mwaka. Shimo la meta za ujazo 3 litaihudumia familia ya watu sita kwa miaka 10. Shimo hilohilo likitumiwa na watu 20 litajaa kwa miaka mitatu. Kwa makazi yote, ni meta za ujazo 7,500 za kinyesi kila mwaka, na viwanja vinavyogawiwa wakimbizi vimekuwa vikipungua ukubwa kadiri watu wanavyoongezeka. Familia itachimba wapi shimo la pili? Nani atalinyonya la kwanza, na uchafu huo utapelekwa wapi ili usirudi ziwani? Mwalimu mkuu anayepanga bajeti ya shule anahitaji majibu haya kabla ya kujenga, maana mhandisi mgeni huondoka mradi unapofungwa.

Mifano ya ndani

Uganda ina ushahidi wake kwamba kazi kubwa ya mazingira inaweza kutoka kwa mtu wa fani nyingine. Moses Kizza Musaazi alikuwa mhadhiri wa uhandisi wa umeme Makerere. Ndiye aliyebuni MakaPads, pedi za hedhi zinazotengenezwa kwa mafunjo na karatasi chakavu, na wakimbizi wa makazi ya Kyaka II wakawa miongoni mwa watengenezaji. Alishughulikia pia matofali ya udongo ulioshindiliwa, yasiyochomwa kwa kuni. Umeme haukumzuia kufikiri juu ya mabwawa ya mafunjo, taka na wasichana wanaokosa shule.

Chuo Kikuu cha Ardhi, Dar es Salaam, kinatoa shahada kamili ya uhandisi wa mazingira, na Makerere ina idara inayounganisha uhandisi wa ujenzi na mazingira. Wahitimu hao wanahitajika sana, lakini hawatoshi kufika kila kata. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichoanzishwa mwaka 1989, kina sifa inayokifanya kiifae kazi hii: tangu mwanzo kimewapeleka wanafunzi wa udaktari vijijini wajifunze kutoka kwa jamii. Sasa kina pia kitivo cha sayansi tumizi na teknolojia. Mambo hayo mawili yakiunganishwa, fani ya pili inapatikana bila kujenga chuo kipya.

Pingamizi mbili

Wapo watakaosema elimu nusu ni hatari. Wana haki ya kuhofia. Uhandisi nchini Uganda una bodi ya usajili chini ya sheria ya mwaka 1969, na mtu mwenye kozi sita hapaswi kusanifu bwawa wala kutia saini michoro. Lakini fani ya pili haimpi mtu leseni. Inampa uwezo wa kuuliza swali sahihi, kusoma ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira, na kutambua mapema kwamba mradi hauna mpango wa matengenezo. Hatari kubwa zaidi ni hali ya sasa, ambapo kamati hupokea mtambo ambao hakuna mjumbe anayeweza kukokotoa gharama ya kuuendesha.

Pingamizi la pili ni ada. Mkimbizi anayefika chuo kikuu hutegemea zaidi ufadhili kama ule wa DAFI, unaotolewa kwa msaada wa Ujerumani tangu 1992, na nafasi ni chache. Kwa sababu hiyo fani ya pili inafaa kuliko shahada nyingine: haiongezi miaka ya masomo, ikipangwa ndani ya nafasi za kozi za hiari. Kijana wa Endiinzi anayelipiwa na ng'ombe wa baba yake anafaidika vilevile. Utaratibu wa Uganda unataka angalau asilimia 30 ya huduma za misaada iwafikie wenyeji, na elimu hii isiwaache nje.

Mabaraza ya taaluma ya vyuo vya Mbarara yanaweza kuanza na kozi nne: ubora wa maji, majitaka na taka ngumu, nishati ya kupikia, na sheria ya mazingira ya mwaka 2019. Ya tano iwe mazoezi ya muhula mmoja Nakivale na Endiinzi, yenye ripoti mbili. Ya kwanza iende kwa mhadhiri, na ya pili iandikwe kwa Kiswahili na Kinyankole na kukabidhiwa kamati ya maji ya mahali hapo. Mtihani uwe na hesabu za klorini, za mashimo na za kuni. Wilaya ya Isingiro na mashirika yanayohudumu Nakivale yafungue milango ya mitambo yao kwa wanafunzi hao, na katika matangazo ya kazi yaitaje fani hii kuwa sifa ya ziada kwa wauguzi, walimu na wahasibu.