Mikono ya Ajuza katika Nchi ya Magu

Katika nchi ya Magu, iliyo mashariki ya Mwanza kandokando ya ghuba ya Speke, ukongwe hapo kale ulikuwa cheo, maana mzee aliyekaribia kaburi alidhaniwa kuwa amekaribia pia masamva, yaani mizimu ya ukoo, na hata alipomwita mjukuu kwa jina la ndugu aliyekwisha kufa hapakuwa na haja ya kustaajabu.

Lakini cheo hicho hakikumkinga ajuza. Misitu ilipofyekwa kwa ajili ya mbung'o na mashamba, kuni zikawa adimu, na wanawake wakapika kwa samadi ya ng'ombe, ambayo moshi wake huwasha macho miaka nenda miaka rudi hata yakabaki mekundu. Na macho mekundu, kwa itikadi ya Wasukuma wengi, yalikuwa ithibati ya uchawi. Basi kikongwe mwenye macho hayo, aliyepotewa na fahamu, akitangatanga usiku huku akisema peke yake na mikono imejaa makovu ya kucha zake mwenyewe, angewezaje kunusurika na tuhuma? Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ilimwadhibu pia anayemsingizia mwenziwe, ila sheria ilikaa bomani na tuhuma ilikaa jikoni. Sungusungu, yaani walinzi wa jadi wa vijiji, walipoinuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuwaandama wezi wa ng'ombe, wazee wa kike nao walitiwa katika hesabu hiyo, na wengi wa Usukumani wakafukuzwa makwao au wakauawa.

Upande wa matibabu nako ajuza huyo hakuwa na mahali pake. Hospitali ya Mirembe kule Dodoma, iliyofunguliwa mwaka 1927, ilikuwa ya wenye wazimu, na bibi anayejikwaruza hadi damu ikamtoka hakuhesabika humo. Nyumbani alifungwa kamba; nami naona kamba ilizidisha balaa, kwa kuwa aliyefungwa hupigana na kamba hata ngozi ikachubuka mahali papya.

Ilhali dawa moja ilikuwa imelala ghalani. Tangu enzi za ushirika wa pamba, ule uliokusanywa mwaka 1955 katika shirikisho la Victoria chini ya Paul Bomani, kila mkulima alichagua pamba yake kabla ya kuipeleka mizanini, safi huku na fifi kule, na kazi hiyo ilikuwa ya wanawake aghalabu. Nimemwona mkamwana mmoja akimwekea mavyaa wake kikapu cha pamba magotini mara jua linapoinama, saa ambayo kujikwaruza huanza. Vidole vikashika, vikatenga, vikatupa kokwa na majani makavu, na ule mkono wa kushoto wenye vidonda ukasahauliwa hadi usiku. Kikapu kikiisha, humwagwa na kuanzwa upya, na ajuza hakumbuki kwamba alikwisha kukimaliza.

Tena kabla ya kikapu yapaswa kuuliza kwa nini anajikwaruza, maana asiyeweza kusema maumivu huyasema kwa kucha. Upele, chawa, jino lililooza, mkojo wenye maradhi, ukavu wa ngozi wakati wa kiangazi: haya hupimwa na kutibiwa zahanatini. Katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwakuta na maradhi ya kupotewa na fahamu uzeeni, yaitwayo dimenshia, takriban watu 6 kati ya kila 100 waliofikisha umri wa miaka 70, na wengi wao hawakuwahi kutambuliwa na tabibu.