Kadi Mikononi mwa Mama

Tunapoitazama historia ya tiba ya misheni katika Afrika, tumezoea kuhesabu majengo na vitanda, na tunaisahau karatasi. Lakini ipo karatasi moja iliyougeuza uhusiano wa daktari na watu wake kuliko wodi nyingi: kadi ya ukuaji wa mtoto, ambayo kwetu huitwa kadi ya kliniki.

Chimbuko lake ni Imesi, kijiji cha magharibi mwa Nigeria, ambako katika nusu ya pili ya miaka ya 1950 daktari Mwingereza David Morley alihudumu kutoka hospitali ya Wamethodisti ya Ilesha. Watoto wengi walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano, kwa surua, kuhara na utapiamlo. Morley alitambua kwamba uzito huacha kuongezeka muda mrefu kabla jicho halijaona udhaifu. Akachora kadi ambayo miezi yake huanzia mwezi aliozaliwa mtoto mwenyewe. Kila apimwapo hutiwa nukta, na nukta huunganishwa kuwa mstari. Mstari unaopanda ni habari njema. Uliolala ni onyo, hata kama mtoto acheka.

Kadi hiyo alikabidhiwa mama akae nayo nyumbani, na hapo ndipo ubishi ulipozuka. Hadi wakati ule maandishi ya ugonjwa yalikuwa mali ya hospitali, yakifungiwa kabatini. Ilisemwa kwamba mama asiyejua kusoma ataipoteza. Haikuwa hivyo: akina mama waliitunza katika mfuko wa plastiki, na ni chache zilizopotea. (Anayezifahamu kabati za hospitali zetu hatashangaa.)

Mwaka 1965 Morley alianzisha TALC, shirika la Uingereza la kusambaza vifaa vya kufundishia afya kwa bei nafuu. Mwaka 1982 UNICEF iliufanya upimaji wa ukuaji kuwa mojawapo ya nguzo za kampeni yake ya kuokoa watoto.

Hata hivyo, kuenea huko kuliambatana na hasara. Katika foleni ndefu muuguzi hutia nukta, huirudisha kadi, na kumwita anayefuata. Mama huondoka na mstari ambao hakuelezwa. Hatuwezi kuilaumu karatasi. Ilichorwa ili watu wawili waiinamie pamoja, na mmoja amwulize mwenzake: Mwezi huu aliharisha? Nani humlisha wewe ukiwa shambani?