Tanga la Gunia: Jua Kali ya Ziwani

Mwambie mtu wa Bungoma neno "tanga" na akili yake inapanda basi hadi Lamu. Anaona jahazi, jua likizama, watalii wakipiga picha. Hakumbuki kwamba maji ya Nzoia, yale yale yanayopita Webuye, yanateremka mpaka Budalang'i na kumwagika Ziwa Victoria. Na huko ziwani kuna wavuvi ambao wamekuwa wakitumia tanga tangu kabla babu zetu hawajaona gari. Tena si tanga la dukani. Wengi wamelishona wenyewe, kwa vitambaa na magunia yaliyofumuliwa.

Watu wakiona hilo tanga la gunia wanasema, "Maskini, hana pesa ya injini." Mimi nasema hapana. Hiyo ni jua kali kabla jina jua kali halijazaliwa, na historia yake inafaa tuijue sisi tunaokaa huku bara.

Tuanze na jambo ambalo wengi hawalijui: tanga ziwani si la zamani sana. Karne ya 19 mitumbwi ya Buganda na ya visiwa jirani ilikuwa mikubwa, mbao zake zimeshonwa kwa nyuzi za mimea, na ilisukumwa kwa makafi. Nguvu ilikuwa mikono ya watu, basi. Kabaka Mutesa alikuwa na kundi zima la mitumbwi ya vita ya aina hiyo. Mwaka 1875 Stanley alilizunguka ziwa kwa mashua yake, Lady Alice, iliyobebwa vipande vipande na wapagazi kutoka pwani. Vitabu vinapenda sana kumtaja huyo. Lakini miaka hiyo hiyo kulikuwa na mfanyabiashara kutoka pwani, Songoro, aliyekuwa na jahazi lake kule Ukerewe. Yaani ufundi wa pwani ulikuwa umeshatembea kwa miguu na misafara mpaka ziwani, mbele ya reli iliyofika Kisumu mwaka 1901. Misafara ya watu wa pwani ilipita hata hapa karibu na sisi, kwa Nabongo Mumia.

Sasa sikia utamu ulipo. Mafundi wa ziwani hawakuutupa mtumbwi wao ili waige jahazi zima. Walichukua tanga la pembe tatu tu, wakalifunga kwa chombo walichokijua tayari.

Na kulifunga si mchezo. Mlingoti ukiuegemeza tu, upepo wa kwanza unaung'oa. Kwa hiyo unapitishwa kwenye tundu la ubao unaokatiza mtumbwi, halafu mguu wake unakaa kwenye gogo lililochongwa kishimo, chini kabisa. Juu yake inapandishwa foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga. Ukikosa mti mmoja mrefu, unaunganisha miwili na kuikaza kwa kamba katikati. Kona ya mbele ya tanga inafungwa karibu na pua ya mtumbwi. Kona ya nyuma inashikwa kwa kamba ambayo watu wa pwani wanaiita demani.

Hiyo demani ndiyo maisha yako. Ukiivuta, tanga linashika upepo na mtumbwi unakaza mwendo. Ukiilegeza, tanga linamwaga upepo na mtumbwi unatulia. Mtu mwenye akili haifungi ikakazana kwa fundo, anaishika mkononi au anaizungusha kidogo tu. Dhoruba za ziwa huja ghafla, na fundo lisilofunguka haraka linaweza kupindua mtumbwi mzima. Tena mtumbwi ni mwembamba, kwa hiyo watu wanahamia upande upepo unakotoka ili uzito wao uuzuie kulala. Lamu nao wanafanya hivyo hivyo, wanahamisha watu na magunia ya mchanga.

Ratiba yenyewe inapangwa na upepo. Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko maji, kwa hiyo alfajiri upepo unavuma kuelekea ziwani na kumtoa mvuvi nje. Mchana nchi kavu inapata joto, upepo unageuka na kumrudisha nyumbani. Kwenda na kurudi bila tone la petroli! Manze, huyo mtu hajasoma fizikia darasani lakini anaitumia kila siku.

Sisemi injini ni mbaya. Ukiwa na mgonjwa kisiwani, au samaki wanaoharibika kwa joto, unataka injini, na upepo ukikata unabaki kupiga kafi mpaka mabega yalie. Ninachokataa ni kuweka historia kwenye mstari mmoja, eti kafi ni ushamba, tanga ni katikati, injini ndiyo maendeleo. Bei ya mafuta ikipanda, yule mwenye tanga bado anafika kazini. Na mwaka 2021 Flipflopi, jahazi lililojengwa Lamu kwa taka za plastiki, lilisafiri Ziwa Victoria likihubiri kuhusu uchafuzi. Dunia ilishangilia, na mimi pia nilishangilia. Lakini wavuvi walioliona likipita walikuwa wameshona magunia yaliyotumika kuwa matanga kwa miaka mingi, bila kamera hata moja.

Sisi vijana wa Kibabii tunaambiwa kila siku tuwe wabunifu, na tunadhani ubunifu ni programu mpya ya simu. Mafundi wa ziwani walipata wazo la watu wengine, wakachagua kipande kinachowafaa, wakakitengeneza kwa vitu walivyokuwa navyo. Kwa hiyo ukienda Port Victoria au Kisumu, usipige picha ya tanga tu ukaondoka. Msalimie mwenye mtumbwi, muulize nani alimfundisha kulishona, na huyo naye alifundishwa na nani. Andika majina. Wazee wanaokumbuka wanapungua, na historia hii haiko kwenye mtihani wowote.