Nyota: jina lililotoka kwa mashabiki

USIKU wa Alhamisi, Septemba 8, 1966, kituo cha televisheni cha NBC nchini Marekani kilirusha sehemu ya kwanza ya tamthilia ya Star Trek, na kabla saa moja haijaisha Kiswahili kilikuwa kimesikika ndani ya chombo cha angani. Luteni Uhura, ofisa mawasiliano wa chombo Enterprise, anapita ushorobani peke yake. Anakutana na baharia mweusi asiyemfahamu, mtanashati, anayemtazama kana kwamba alikuwa akimsubiri. Mgeni anamwambia kwamba yeye Uhura alikuwa akimuwaza mtu kama huyu aliye mbele yake. Kisha anamsemesha Kiswahili. Uhura anashtuka, uso unamlainika, naye anamjibu kwa lugha hiyo hiyo.

Yule hakuwa baharia. Alikuwa kiumbe kinachosoma mawazo ya mtu na kujivika sura ya yule anayetamaniwa.

Mapema katika sehemu hiyo hiyo, Uhura alikuwa amemchokoza Spock, ofisa mwenye masikio yaliyochongoka na damu ya sayari ya Vulcan, ambako watu hujizuia kuonyesha hisia. Alimtaka amweleze jinsi Vulcan inavyopendeza jioni mwezi ukiwa mpevu. Spock alijibu kwamba Vulcan haina mwezi. Uhura akasema wala hashangai.

Tamthilia iliyaacha hayo hapo hapo ikaenda zake. Baadhi ya watazamaji, wengi wao wanawake, waliyaokota. Kwa zaidi ya nusu karne wamekuwa wakiandika hadithi za mapenzi kuhusu mabaharia wa Enterprise: nahodha James Kirk, Spock, daktari McCoy, Uhura na wenzao. Huziandika bure, husomana wao kwa wao, na hujibizana juu yake kwa ukali na kwa upendo. Naamini historia yao inatuhusu, na si kwa sababu ya Kiswahili cha Uhura tu. Inaonyesha msomaji anaweza kufika wapi akikataa kukaa kimya.

Stensili na stempu

Kijarida cha kwanza cha mashabiki wa Star Trek, Spockanalia, kilitoka New York mwaka 1967, wahariri wake wakiwa Devra Langsam na Sherna Comerford. Leonard Nimoy, aliyeigiza Spock, alikipelekea barua, nayo ikachapishwa humo.

Waliosoma enzi za mitihani ya saiklostaili wataijua kazi ya vijarida vya namna hiyo. Unapiga taipu moja kwa moja juu ya stensili, bila utepe wa wino, ili herufi zitoboe utando wa nta. Ukikosea unapaka dawa, unapuliza ikauke, unapiga tena. Stensili unaivisha ngoma ya mashine yenye wino, unazungusha mkono, na kurasa zinatoka moja moja zikiwa bado mbichi. Halafu unazipanga kwa kuizunguka meza, unazibana kwa pini, unaandika anwani kwa mkono. Bei ilikusudiwa kurudisha gharama za karatasi na posta. Wahusika walikuwa mali ya wenyewe, na kila mhariri alilijua hilo.

Malipo ya mwandishi yalikuwa nakala ya kijarida, na barua. Wahariri walizidai barua hizo waziwazi. Msomaji alieleza ni wapi alilia, wapi hakuamini, wapi Spock alizungumza kama mtu mwingine kabisa. Toleo lililofuata lilichapisha barua yake, mwandishi akajibu, msomaji wa tatu akaingilia kati. Toleo moja hadi jingine ilikuwa miezi, kwa hiyo ubishi mmoja uliweza kumaliza mwaka. Mpenzi wa ushairi wa Kiswahili, aliyezoea kuona fumbo likitupwa gazetini na watunzi wengine wakilifumbua kwa beti wiki zinazofuata, atajiona yuko nyumbani.

Nguvu ya barua walikuwa wamekwisha kuionja. NBC ilipotaka kuifuta tamthilia hiyo msimu wa pili, kampeni iliyoongozwa na Bjo Trimble na mumewe John ilikimiminia kituo barua, hata Machi 1968 kituo kikatangaza hewani kwamba tamthilia ingerudi. Ilidumu msimu mmoja zaidi. Mwaka 1969 ilikoma ikiwa na sehemu 79, na kuanzia hapo aliyetaka kujua yaliyowapata mabaharia wale ilimbidi aandike mwenyewe, au amsome aliyeandika.

Tabasamu la Spock

Ukitaka kuona mapenzi yalivyoingia katika hadithi hizo, tazama sehemu iitwayo "Amok Time" ya mwaka 1967, iliyotungwa na Theodore Sturgeon. Tunaambiwa humo kwamba wakati wake ukifika Mvulcan hupandwa na homa ya kutaka mwenzi, na asipompata hufa. Spock anaanza kutetemeka mikono na kurusha vyombo vya chakula ukutani. Kirk anakiuka amri ya wakubwa wake ili amfikishe kwao. Huko Vulcan, kwa mila ya harusi, marafiki hao wawili wanalazimika kupigana, na Spock anaamini amemuua nahodha wake. Anaporudi chomboni kujisalimisha, anamkuta Kirk mzima. Anamshika mikono na kutabasamu kwa meno yote, kisha anakumbuka kwamba yeye ni Mvulcan na kuurudisha uso wake wa kawaida.

Tabasamu lile lilikuwa la kitambo kidogo tu, lakini wasomaji walilijadili kwa miongo. Na homa ile iliacha swali ambalo mtunzi yeyote angelitamani: je, wakati huo ukifika chombo kiko mbali na Vulcan, na aliye karibu ni mwenzake wa safari tu? Hadithi zisizo na idadi zilitungwa ili kujibu swali hilo moja.

Lakini hadithi iliyozua kelele kuliko zote ilichapishwa Septemba 1974 katika kijarida cha watu wazima kiitwacho Grup. Mwandishi, Diane Marchant wa Australia, alisimulia kwa kurasa chache tu wapenzi wawili wakiwa faraghani, bila kutaja jina hata moja. Kwa Kiingereza huo ni ujanja wa kutolea jasho, kwa sababu kiwakilishi kinamfichua mtu kuwa ni mwanamume au mwanamke. Sisi tuna "yeye" yetu inayotunza siri bila kuombwa. Wasomaji walitambua hata hivyo. Walikuwa Kirk na Spock.

Hadithi za namna hiyo zilikuwa zikipita mkono kwa mkono hata kabla ya hapo, zikiwa nakala za taipu ndani ya bahasha. Sasa jambo lilikuwa hadharani, nalo likahitaji jina. Mashabiki walitenganisha kwa alama za uandishi: "K&S" ilikuwa hadithi ya urafiki, "K/S" ya mapenzi. Alama ile ya pili, tunayoiita mkwaju, ikawa jina la aina nzima ya fasihi, na hadi leo duniani kote ukiweka mkwaju kati ya majina mawili, msomaji wa hadithi za mashabiki anajua kinachomsubiri.

Barua zilimiminika. Wapo walioona wahusika wamechafuliwa. Wapo waliohofu waigizaji wangeudhika na wenye tamthilia wangekwenda mahakamani. Wengine walisema urafiki mkubwa kiasi kile hauhitaji kitanda ili uaminiwe. Waliozitetea walikuwa na hoja yenye uzito: kwenye skrini Kirk alipewa mwanamke mpya kila mara, na sehemu iliyofuata hakumkumbuka. Waliyekuwa wakimtafuta ni mpenzi anayebaki, mwenye hadhi sawa na mwenzake, anayejua kazi yake na kuheshimiwa kwayo. Joanna Russ, mwandishi mkubwa wa hadithi za kisayansi, alizichambua hadithi hizo kwa makini mwaka 1985 na kuona humo ndoto za wanawake kuhusu mapenzi yasiyo na bwana wala mtumwa.

Hata muumba wa Star Trek alijibu. Mwaka 1979 Gene Roddenberry aliandika riwaya ya filamu ya kwanza ya Star Trek, na humo akaweka neno la Kivulcan "t'hy'la", akalieleza katika tanbihi kwamba laweza kumaanisha rafiki, ndugu au mpenzi. Katika tanbihi hiyo Kirk mwenyewe anazungumzia uvumi kwamba yeye na Spock walikuwa wapenzi. Anaukanusha, lakini kwa upole, na mlango haufungi kwa komeo. Wasomaji waliotumia miaka kuandikiana walijua tanbihi ile inawajibu wao.

Binti wa miaka 15 na nusu

Si kila jibu lilikuwa la kuchochea. Mwaka 1973 Paula Smith, mhariri mwenza wa kijarida Menagerie, alichoshwa na hadithi zilizokuwa zikimfikia, akaandika kichekesho kifupi. Shujaa wake ni Luteni Mary Sue, mdogo kuliko maluteni wote, umri miaka 15 na nusu. Anapanda chomboni, nahodha anampenda papo hapo, anawaokoa wote, kisha anakufa huku chombo kizima kikimlilia.

Wasomaji walicheka kwa sababu walimjua. Wengi wao walikuwa wamemwandika. Jina Mary Sue likawa istilahi ya mhusika asiye na doa, na leo linatumiwa na watu ambao hawajawahi kusikia habari za Menagerie.

Lakini kicheko hicho kilikuwa na gharama. Camille Bacon-Smith, mtafiti aliyeishi na jamii ya mashabiki hao na kuchapisha kitabu juu yao mwaka 1992, alikuta waandishi wanawake walioogopa kuandika mhusika mwanamke yeyote, wasije wakaambiwa ni Mary Sue. Hadithi zikazidi kujaa wanaume. Naye ofisa mawasiliano mwenye jina la Kiswahili, yule aliyemwomba Spock ampe habari za mwezi, akabaki akipokea simu za chombo huku wenzake wakipendana.

Hatimaye Nyota

Jina Uhura ni letu. Nichelle Nichols, aliyemwigiza, alisimulia kwamba alikwenda kuonana na watayarishaji akiwa na riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, inayohusu Kenya, na neno hilo likageuzwa mwishoni ili kuwa jina la mwanamke. Kwenye tamthilia hakupewa jina jingine. Alikuwa Uhura tu, na mapenzi yake kwenye skrini yalikuwa machache mno. Busu lake maarufu na Kirk, lililoonyeshwa Novemba 1968, halikuwa hata la hiari: viumbe wenye nguvu za ajabu ndio waliowasukuma.

Jina la kwanza lilitoka upande wa mashabiki. William Rotsler, mchoraji aliyejulikana sana kwa michoro yake katika vijarida vya mashabiki, aliandika kitabu cha wasifu wa wahusika kilichotoka mwaka 1982. Alimwita Nyota, kwa ridhaa ya Roddenberry na Nichols. Filamu hazikulitaja. Wasomaji walilichukua, wakalitumia katika hadithi zao mwaka baada ya mwaka, hadi likazoeleka kana kwamba lilikuwapo tangu mwanzo.

Mwaka 2009 ilitoka filamu mpya ya J.J. Abrams. Kirk kijana anahangaika filamu nzima kujua jina la kwanza la Uhura, naye Uhura hamwambii. Karibu na mwisho, kabla ya safari ya hatari, Uhura anamkumbatia Spock na kumbusu mbele ya watu, na Spock anamwita kwa sauti ya chini: Nyota. Kirk anauliza kama hilo ndilo jina lake. Spock anasema hana la kusema juu ya jambo hilo. Ilikuwa miaka 27 tangu kitabu cha Rotsler, na miaka 43 tangu lile swali la mwezi.

Wasomaji wakagawanyika tena. Waliosubiri miongo kuona Kirk na Spock wakikubaliwa walihisi wamenyang'anywa. Wengine walidai mapenzi yanamshusha Uhura, kwamba ofisa hodari amegeuzwa mchumba wa mtu. Wasomaji wanawake weusi walijibu kwa hoja ambayo kwangu haijapata mjibu: mwanamke mweupe ameonyeshwa akipendwa tangu sinema ilipozaliwa, kwa hiyo kwake kuonyeshwa bila mpenzi ni ukombozi. Mwanamke mweusi ameonyeshwa akiwa shujaa mpweke, mtumishi au rafiki mwema wa mwenye mapenzi yake. Kumwona akipendwa kwa upole, na mwanamume mwenye akili anayemheshimu, hakumpunguzii kitu. Walisema hayo, kisha wakaenda kuandika, na hadithi za Nyota na Spock zikaongezeka kwa wingi ambao haukuwahi kuonekana.

Mwaka huo huo wa 2009, mwezi Novemba, ilifunguliwa kwenye intaneti hifadhi ya hadithi za mashabiki iitwayo Archive of Our Own, inayoendeshwa na watu wa kujitolea bila biashara. Hadithi zilizopigwa kwenye stensili za zamani zimeanza kuingizwa humo, na chini ya kila hadithi pameachwa nafasi ya msomaji kujibu. Agosti 2019, katika Kongamano la Dunia la Hadithi za Kisayansi jijini Dublin, hifadhi hiyo ilipewa Tuzo ya Hugo, ile ile wanayoipigania waandishi wakubwa wa fani hiyo. Aliyeipokea, Naomi Novik, ni mwandishi wa riwaya na mmoja wa waanzilishi wake. Aliomba taa za ukumbi ziwashwe, kisha akamwomba kila aliyejihisi kuwa sehemu ya kazi ile asimame.

Watu walisimama huku na huko ukumbini. Ombi lile halikuchagua. Aliyetunga hadithi alikuwa na haki ya kusimama, na aliyewahi kusoma, akashika kalamu na kumjibu mtunzi, alikuwa na haki hiyo hiyo.