Msaada wa kompyuta chuoni: nani anauhitaji kweli, na unapimwa namna gani

Katika vyuo vikuu vyetu, iwe Bukavu, Goma, Butembo ao Kisangani, mara nyingi fundi wa kompyuta ni mtu mmoja tu kwa jengo zima, na simu yake hailali. Sekretari anamuita juu ya imprimanti inayokula karatasi, profesa juu ya projekta, mhasibu juu ya faili iliyopotea. Anayepiga kelele zaidi, ama mwenye cheo kikubwa, ndiye anahudumiwa kwanza. Kupima mahitaji ni kuacha desturi hiyo na kujua, kwa maandishi, kazi gani zinasimama, mara ngapi, na zikisimama ni nani anaumia.

Komite nyingi zinaanza kwa kuhesabu mashine. Si vibaya. Hesabu hiyo inaonyesha mashine zilizozeeka, na sasa iko na sababu ya haraka: tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft iliacha kutoa bure marekebisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, na kompyuta nyingi za zamani hazikubali Windows 11. Lakini kuhesabu mashine hakusemi mtu anakwama wapi. Ofisi inaweza kuwa na kompyuta tatu mpya na bado sekretari anaandika orodha ya wanafunzi kwa mkono, juu ya hakuna aliyemfundisha Excel.

Wanaosahauliwa zaidi ni watu wa aparitora na waandishi wa jiri. Mwalimu akikosa projekta, anachukua chaki na somo linaendelea. Faili ya pointi ikiharibika siku mbili mbele ya delibe, promosheni nzima inangoja. Mzigo wao umeongezeka tangu Congo ilipoanza kuingiza mfumo wa LMD katika mwaka wa masomo 2021-2022. Zamani, kwa miaka mitatu ya graduat na miwili ya lisansi, hesabu ilikuwa asilimia ya mwaka. Sasa ni krediti 30 kwa semesta, 60 kwa mwaka, na kila mwanafunzi anabeba madeni yake ya masomo kutoka semesta moja hadi nyingine. Kuyafuata yote hayo katika faili moja iliyo ndani ya flash moja ni hatari. Ukiulizia msaada chuoni, uliza kwanza hapo.

Namna ya kuuliza iko na uzito wake. Ukimuuliza mtu "unahitaji nini?", atajibu "laptop". Bora umuulize: jana ulifanya kazi gani kwa mashine? Ulikwama wapi? Ulimuita nani, na alikuja kisha saa ngapi? Bora zaidi ni kuketi kando yake nusu siku na kutazama. Huko Marekani kuna dodoso linaloitwa TechQual+, linalomuuliza mfanyakazi mambo matatu juu ya kila huduma: kiwango cha chini anachoweza kuvumilia, kiwango anachotamani, na kile anachopata leo. Likikopiwa kwa karatasi ya kawaida, kwa Kifaransa ao Kiswahili, linafaa hata kwetu. Pale anachopata kiko chini ya anachoweza kuvumilia, ndipo pa kuanzia.

Tena fundi awe na kaye. Kila mwito aandike tarehe, ofisi, shida, na muda uliopita mpaka ikatengenezwa. Kaye hiyo ishike pia wakati wa mitihani na delibe. Ukipima katika likizo, utaona chuo kiko sawa kabisa.

Miito ikishaandikwa, itenganishwe. Kuna kilichoharibika, kuna ombi la kitu kipya, na kuna kutojua. Hii ya tatu watu wanaificha. Profesa mwenye umri anaona haya kuuliza mbele ya asistanti wake namna ya kutuma faili kubwa, basi anampa mtoto wa nyumbani amfanyie. Kwa hiyo walimu waulizwe mmoja mmoja, si mu mkutano wa fakulte. Profesa mgeni anayekuja kufundisha kozi yake kwa wiki mbili tu naye asiachwe nje: siku moja bila projekta wala koneksyo inamlia sehemu kubwa ya muda wake.

Umeme na intaneti viingie katika hesabu, hata kama fundi hana nguvu juu yavyo. Bukavu inapata umeme wa Ruzizi, karibu kabisa na mji, na bado unakatika. Kama mashine inazimika kila mara umeme ukienda, shida ni onduleri ao batri, na kununua kompyuta ingine ni kupoteza pesa. Vilevile ijulikane nani analipa mega. Asistanti na CT wengi wanazilipa mfukoni mwao, na gharama hiyo haionekani katika bajeti yoyote ya chuo.

Matokeo yaandikwe kwa ukurasa mmoja ao miwili, kwa mpangilio wa madhara: kwanza kinachosimamisha pointi, mishahara na uandikishaji, kisha kinachosimamisha somo, mwisho kinachosumbua tu. Mambo mengine hayangoji bajeti. Faili za pointi ziwe na kopi tatu, moja nje ya jengo, na watu wawili wenye kujulikana wawe na neno la siri. Hilo linaweza kufanyika wiki hii.