Qurum na Njia ya Maji



Qurum ni jina la Kiarabu la mchu, ule mti wa jamii ya mikoko tunaoujua tangu pwani ya kwetu. Mtaa huu wa Maskati basi umeota kando ya kinamasi, hapo Wadi Adai inapomwaga maji ya milimani baharini. Mwaka 1975 mikoko ilitengwa kuwa hifadhi, nyumba na barabara zikaizunguka. Wadi hukaa kavu karibu mwaka mzima, nasi tukaisahau.

Juni 2007 kimbunga Gonu kilitukumbusha. Majabali hayanywi maji; mvua yote iliteremka kwa ghafla, na bahari nayo imeinuka. Nchini Oman walifariki watu wapatao 50. Kwetu lilizama sanduku la picha za wazee tulilotoka nalo Unguja.

Phet ikafuata 2010, Shahin 2021. Bahari ya Arabuni inazidi kupata joto, na joto ndilo chakula cha vimbunga.

Kwa hiyo naomba mawili: mwenye picha za wazee atugawie nakala, na anayejenga aulize kwanza njia ya maji.