Utambuzi wa saratani ya matiti

Utambuzi wa saratani ya matiti ni mchakato wa kitabibu wa kuthibitisha au kuondoa shaka ya saratani kwa mtu mwenye dalili kwenye titi. Una hatua tatu: mahojiano pamoja na uchunguzi wa mwili, picha, na kipimo cha kinyama.

Mahojiano. Daktari huuliza uvimbe ulionekana lini, umekua kwa kasi gani na kama hubadilika wakati wa hedhi. Huuliza pia kuhusu damu au majimaji kutoka kwenye chuchu, umri wa kuvunja ungo na wa kukoma hedhi, uzazi, kunyonyesha, dawa za homoni, na ndugu waliougua saratani ya matiti au ovari. Ndugu wa pande zote mbili huhesabiwa, kwa sababu hitilafu za jeni BRCA1 na BRCA2, zinazoongeza hatari ya saratani hizi, hurithiwa kwa mama au kwa baba. Wanaume wenye dalili huulizwa pia, kwani ni takriban asilimia 0.5 hadi 1 ya wagonjwa.

Uchunguzi. Hukaguliwa matiti yote mawili, makwapa na sehemu ya juu ya mtulinga. Uvimbe mgumu usiosogea, au ngozi iliyovutwa ndani, huongeza shaka.

Vipimo. Wanawake vijana kwa kawaida huanza na ultrasaundi. Wenye umri mkubwa hufanyiwa pia mamografia. Kinyama huchukuliwa kwa sindano maalumu, kisha maabara huthibitisha kama kuna saratani na, ikiwepo, hupima vipokezi vya estrojeni na projesteroni, na protini ya HER2, ili kuongoza matibabu.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza utambuzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni.